Ngome Iliyoanguka Kabla ya Vita

Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewachorea Wareno ramani ya Fort Jesus, alikuwa na bahati moja ambayo mimi sikujaliwa: hakuwa na mjomba anayepiga rangi magari. Ngome yake ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe ya matumbawe na ingali imesimama pale Mombasa. Yangu ilikuwa ya ubao wa povu wenye unene wa milimita 5, ule mwepesi uliobandikwa karatasi pande zote mbili, ambao wanafunzi wa usanifu majengo huununua kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Nia yangu ilikuwa kuiweka mezani ili mimi na marafiki zangu, wapenzi wa michezo ya vita, tuucheze upya mzingiro wa 1696, Waomani walipoizingira ngome hiyo ya Wareno, kwa dadu na vijiaskari vya chuma visivyozidi kimo cha milimita 6.

Kuta za kawaida hazina shida. Balaa liko kwenye buruji, yaani sehemu za ngome zinazochomoza kwenye pembe zake, hasa San Felipe na San Alberto zinazotazama bara, kwa maana zina pembe zilizoingia ndani, na kila pembe hudai ukingo uliokatwa kwa mshazari ili mbao mbili zikutane bila kuacha mwanya. Wembe ukiwa butu hata kidogo haukati povu, bali hulinyofoa, na punje zake nyeupe hushika mikono, nguo na uji wa asubuhi. Niliunganisha kila kitu kwa gundi nyeupe ya seremala, nikapachika pini za kushonea ili kuta zisihame gundi inapokauka, na hatimaye nikawa na ngome ambayo hata mama, asiyesifu ovyo, aliitazama akauliza kama mlango wake unafunguka.

Ilibaki rangi. Mpango wangu ulikuwa kuipaka ngome nzima gundi ile ile iliyochanganywa na rangi ya maji, kwa brashi, ndipo nitie rangi ya jiwe. Mjomba alipousikia mpango huo alihuzunika. Mjomba hana gereji. Ana mwarobaini, kompresa na wateja wanaomwogopa, na kwa maoni yake brashi ni kifaa cha kupakia kuta za choo.

"Mwanangu," aliniambia, "kitu kizuri namna hii hakipakwi. Kinapigwa."

Nikamwomba, kwa adabu zote anazostahili ndugu wa mama, asiiguse, kisha nikaenda dukani kununua brashi. Merikebu za msaada za Wareno kutoka Goa, koloni lao la India, zilifika Mombasa siku chache baada ya Waomani kuiteka ngome, Desemba 1698, zikaiona bendera ya wengine ikipepea juu yake. Nilirejea kwa uhodari uo huo. Ngome yangu ilikuwa juu ya pipa chini ya mwarobaini, na mjomba, barakoa usoni, alikuwa akiipulizia awamu ya pili.

Povu lile ni polistirini, aina ya plastiki, na thina, kimiminika cha kuzimulia rangi za magari, huila polistirini papo hapo. Karatasi hulikinga kwa kitambo, lakini kila palipokatwa povu huwa wazi, na ngome yenye buruji nne haina uhaba wa palipokatwa. Niliinama karibu na San Mateo. Ukingo wa juu ulikuwa ukirudi ndani taratibu huku ukitoa sauti nyembamba ya kuchemka, na kwa kuwa sehemu kubwa ya povu ni hewa tu, ukuta mzima uliishia kuwa ute wa kijivu usiojaza kijiko. Karatasi mbili zilibaki zimesimama, zimepakwa rangi safi isiyo na mchirizi hata mmoja, tupu katikati kama sambusa iliyosahauliwa nyama. Kisha zikajikunja, zikalala. Waomani walihitaji miezi 33 kuifikisha ngome hapo.

Mjomba aliivua barakoa, akaligonga San Alberto kwa kucha, kidole kikapita hadi upande wa pili, naye akatoa hukumu anayowapa wateja wake wote.

"Bodi hii ilikuwa imeoza ndani. Rangi imefichua tu."

Wageni walifika jioni, wakakuta magofu. Rafiki aliyeshika upande wa Oman alidai ushindi kabla ya dadu kurushwa. Mwalimu aliyeshika Wareno alipinga vikali, akisema kanuni zetu hazina mahali panapotaja kuta kuyeyuka na kwamba adui hajafyatua mzinga hata mmoja. Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Mjomba, ambaye alikuwa ameketi kwa utulivu wa mtu asiyehusika, aliuliza Wareno wa kweli walikufaje, akajibiwa kwamba maradhi yaliwaua wengi kuliko mizinga.

"Basi hesabuni rangi kuwa maradhi," alisema.

Hoja ikapita. Kila zamu mwalimu alirusha dadu ya maradhi, akaondoa vijiaskari vyake kimoja kimoja kutoka kwenye ute ulioanza kukauka, vingine kwa koleo. Mjomba alisubiri mpaka kamanda wa ngome alipong'olewa, ndipo akataka kujua thina yake italipwa na Wareno au na Waomani.