Usiniulize baridi au moto, niulize ninakula nini

Ijumaa iliyopita nilialikwa kwenye "usiku wa Kibelgiji" katika mgahawa mmoja wa hapa Dar, huko huko pembezoni mwa bahari ambako hata maegesho ya gari yanakutazama kwa dharau. Nilikwenda na njaa yangu yote. Tangu asubuhi nilikuwa nimejitunza kama mtu anayesubiri pilau ya harusi. Kwenye tangazo walikuwa wameweka picha ya bia ya Westmalle Tripel ndani ya glasi yake yenyewe, ile yenye mguu na mdomo mpana, na picha ya namna hiyo huniharibia wiki nzima.

Mhudumu akaja, kijana mtanashati, aproni nyeusi. "Dada, baridi au moto?"

Nikamwambia ya moto. Meza nzima ikacheka. Mwenyeji wangu akaingilia: "Achana naye huyo, Mchaga huyo. Mletee ya baridi." Ikaletwa kwenye magi ya kioo iliyotoka kwenye friza, imeota ukungu mweupe, inanata vidoleni. Bia ya watawa, kilevi asilimia 9.5, imelazwa kwenye barafu kama samaki wa Feri. Pembeni yake mabawa ya kuku yaliyopakwa sosi tamu. Nikanywa fundo la kwanza, sikusikia kitu. La pili, vivyo hivyo. Nilichosikia ni baridi na VAT.

Menyu, sasa. Kurasa nne za divai, na kila divai imeandikiwa wasifu wake kama mgombea ubunge: hii inakwenda na samaki, hii inakwenda na nyama nyekundu, hii inapendeza na jibini. Bia, kwenye usiku wa bia, mstari mmoja: "Bia za Ubelgiji, muulize mhudumu." Nikamuuliza mhudumu. Akasema zote ni kali.

Simlaumu kijana. Amefundishwa swali moja na analiuliza kwa adabu. Ila nimelala na hasira siku tatu na leo ninaimwaga hapa. Wasiokunywa mnisamehe, hii ya leo irukeni.

Dada yangu anaishi Ghent, Ubelgiji. Ameolewa na Mkongomani wa Lubumbashi, kwa hiyo ndani ya nyumba ile kuna Kiswahili cha kwetu na Kiswahili cha kwao vinagombea kiti kila siku, huku watoto wanatucheka kwa Kiholanzi. Novemba mwaka jana nilikwenda kuwasalimia. Jumamosi moja, baridi ya kukata masikio, shemeji akatutoa tukale kwenye mgahawa wa bia kando ya mto Leie. Meza za mbao tupu, madirisha yamejaa mvuke, menyu ya bia nene kama daftari la mahudhurio. Nikalivamia. Mhudumu, mama mtu mzima mwenye miwani shingoni, akaweka kiganja juu ya daftari langu, akalifunga taratibu, akasema kitu.

Shemeji akatafsiri: "Anauliza, unakula nini?"

Naomba mlitazame hilo swali. Katika maisha yangu yote ya kunywa bia hapa nyumbani, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nimeulizwa baridi au moto. Nimeulizwa kubwa au ndogo. Nimeulizwa kama kuna kaka ninayemsubiri. Nimewahi kuagiza bia na mwenzangu akaagiza soda, vikaletwa vyote viwili, na soda ikawekwa mbele yangu bila mtu kupepesa jicho, maana sinia likishafika mezani jinsia ndiyo inayoamua. Lakini chakula changu na bia yangu, vile vitu viwili ambavyo vinakwenda kukutana mdomoni mwangu baada ya dakika kumi, havijawahi kumhusu mtu.

Nikasema ninakula stoofvlees. Ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa saa kadhaa ndani ya bia nyeusi na vitunguu vingi, na katikati ya mapishi wanatupia kipande cha mkate kilichopakwa haradali, kinayeyuka chote, mchuzi unakuwa mzito na mweusi kidogo. Huja na chipsi, na chipsi zao wanazikaanga mara mbili: mara ya kwanza moto wa wastani ziive, zipumzike, kisha moto mkali zikauke nje. Wenye mabanda ya chipsi mayai, chukueni hiyo bure.

Mama akaenda, akarudi na Rochefort 8. Bia ya watawa nayo, asilimia 9.2, rangi ya maji ya ukwaju uliokolea. Chupa haikuwa na tone la umande. Ilikuwa na ubaridi wa pishi tu, digrii 12 hivi, ukiishika unaona kabisa hii ndiyo waliyokuwa wakiicheka kwetu. Akaimimina kwenye glasi yake, na pale kila bia ina glasi yake, wakikosa glasi yako watakushauri unywe nyingine. Nikala kijiko cha mchuzi, nikanywa. Jamani. Ule utamu wa kuungua uliokuwa kwenye mchuzi ulikuwa umo pia ndani ya bia, kama sukari guru iliyosahaulika kidogo jikoni. Haradali ikaamka. Nyama ikaonekana imepikwa upya. Nikamtazama shemeji, akacheka, akasema, "Kunywa polepole, shemeji, hiyo si Simba," yaani ile bia ya kwao Lubumbashi. Sikumsikiliza. Usiku ule nilisinzia kwenye tramu nikiwa nimekumbatia nguzo, na ushahidi wa picha upo kwa dada.

Lakini siyo Rochefort iliyonivuruga kichwa. Dada alikuwa ameagiza kome, ndoo nzima, wamechemshwa kwa vitunguu na majani ya seleri, na mama yule akamletea gueuze. Nikaomba kuonja. Nikaweka glasi chini. Nikaonja tena.

Nikasema, "Hii ni mbege."

Dada, ambaye amekaa Ubelgiji miaka kumi na moja na hakuwahi kuniambia, akasema tu, "Eeh. Umeona?"

Gueuze inatokana na lambic, bia ya bonde la mto Senne, Brussels na viunga vyake. Wanachemsha shayiri na ngano, kisha ule uji mwembamba wanaumwaga kwenye beseni pana la shaba lililo wazi, juu kabisa chini ya paa, wanauacha usiku kucha. Hawatii hamira. Hamira inakuja yenyewe na hewa ya usiku, ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu, maana joto likiingia hewa inabeba na wahuni wa kuiharibu bia. Kisha inalala kwenye mapipa ya mbao mwaka, miwili, mitatu, na gueuze ni mchanganyiko wa ile changa na ile kongwe. Cantillon pale Anderlecht wapo kwenye kazi ya lambic tangu mwaka 1900, na watu wanapanda ndege kwenda kupiga picha na lile beseni.

Sasa mbege, pombe ya ndizi ya kwetu Uchagani. Ndizi mbivu zinapikwa, zinaachwa kwenye pipa siku kadhaa mpaka zichachuke zenyewe. Gome la msesewe linatia uchungu, kazi ile ile ya hopsi kwenye bia. Uji wa ulezi ulioota unaingia mwishoni. Nani anatia hamira ya dukani? Hakuna. Bibi yangu Kibosho amepika mbege maisha yake yote na hamira yake ilikuwa inaishi kwenye pipa na kwenye migomba ya nyuma ya nyumba. Na ile mbege haikunywewa hivi hivi. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, anapokatwa, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye viwiko, kata ya mbege inazunguka. Unakula mafuta, unakunywa uchachu, ulimi unasafishwa, unarudi kwenye nyama kana kwamba ndiyo kwanza unaanza. Kisusio, ile supu yenye damu, kikiletwa, kata inazunguka tena. Mbele ya kome wa dada nilikuwa ninatazama hesabu ile ile: chumvi na mafuta upande huu, uchachu upande ule. Wenzetu wameipa daftari na glasi. Sisi tumeipa jina la pombe ya kienyeji, tukaiacha kilabuni, tukahamia kwenye menyu ya divai kurasa nne.

Hapa ndipo ninapopandwa na mori. Bibi hajawahi kuuliza mtu baridi au moto. Alikuwa anauliza nani anachinja, na lini, ili mbege iive siku hiyo hiyo, maana ikipita siku moja inazidi kuchacha na inakuwa nyingine kabisa. Alikuwa anapika kinywaji kwa kufuata chakula! Halafu mtoto wa mtoto wake anakaa Masaki kwenye kiti cha velveti, anaambiwa kwamba huu utaratibu wa kulinganisha kinywaji na chakula ni mambo ya Wazungu na divai.

Na ile baridi. Ulimi ukishakufa ganzi hauonji, hilo halihitaji profesa; ndiyo maana soda ya moto unaiona tamu mpaka inakera na ile ya barafu unaimaliza bila kujua. Bia iliyotengenezwa kwa ajili ya kuonjwa ukiigandisha umenunua povu. Baba mdogo wangu ameagiza "ya moto" kwa miaka arobaini na amechekwa kwa miaka arobaini. Ninamwomba radhi hadharani, kwa niaba ya ukoo.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Saa kumi jioni, Sinza, jua la Februari, kitimoto ya kukaanga na ndizi na pilipili ya kupikwa, hapo niletee Kilimanjaro iliyotoka chini kabisa ya friji na usinihubirie digrii 12. Bia zile zimetengenezwa kwa joto lile, gesi yake inakata mafuta kama sabuni. Ila hata hapo, ndugu zangu, kinachofanya kazi ni kuoana kwa kitimoto na ile bia. Mnafanya wenyewe kila wikiendi, mnakataa tu kukiri.

Nikubali na la pili: Wabelgiji nao wana mikogo. Kule Ghent, pale Vrijdagmarkt, kuna baa inaitwa Dulle Griet. Ukiagiza bia ya nyumba kwenye ile glasi yao ndefu inayosimamishwa na mbao, unavua kiatu kimoja unaacha rehani, kinatiwa kwenye kikapu na kupandishwa darini mpaka urudishe glasi. Shemeji alivua. Soksi ilikuwa na tundu. Dada hajamsamehe.

Kuhusu divai sina ugomvi nayo, Dodoma wanazitoa nzuri. Ugomvi wangu ni na watu wanaodhani kuishika glasi yake kwenye mguu ni elimu.

Kinachochekesha ni kwamba Ubelgiji si mbali na sisi kiasi hicho. Mwaka 2016 kampuni ya bia yenye makao yake Leuven, Ubelgiji, iliinunua kampuni nyingine ya bia, SABMiller, na pamoja nayo zikaenda Safari na Kilimanjaro zetu. Mwaka huo huo UNESCO ikauandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kwa hiyo chupa unayoigandisha pale baa ina mjomba mwenye cheti, na mjomba mwenyewe angetaka kujua unakula nini.

Desemba ile nilirudi na chupa moja ya gueuze, nimeiviringisha kwenye kitenge katikati ya sanduku. Krismasi nikapanda nayo Kibosho. Ndafu alikuwa amekatwa tangu mchana. Nikafungua kizibo, kikaruka, kuku wakakimbia. Nikammiminia bibi kidogo kwenye kikombe chake cha chai, maana glasi ya mguu angenicheka. Akanusa. Akaonja. Akakunja uso, akakitazama kikombe muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

"Hii imepita siku zake," akasema. "Aliyepika alichelewa."

Akanywa tena. Kisha akageuka kuelekea jikoni, akampazia sauti mke wa baba mdogo:

"Mbavu zimebaki? Leteni."