Uwakili nje ya bahasha: imani ya Kikristo na utunzaji wa uumbaji

Katika sharika nyingi za Tanzania, neno "uwakili" likitajwa kwenye matangazo ya Jumapili, waumini hujipapasa mifukoni. Kuna bahasha za uwakili, kuna Jumapili ya uwakili, kuna semina za uwakili, na karibu zote zinahusu sadaka, ahadi na fungu la kumi. Nje ya kanisa neno hilohilo limekwenda mahakamani, kwa kuwa wakili wa leo ni mtu wa kesi. Maana ya kale, ya mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake ili aisimamie kwa niaba ya mwenyewe kisha aitolee hesabu, imebaki katika mfano wa Luka 16, ambamo tajiri anamwita msimamizi aliyeshitakiwa kwa kutapanya mali na kumwambia: "Toa hesabu ya uwakili wako." Naanza na neno hili kwa sababu mjadala juu ya Ukristo na mazingira huishia mara nyingi kwenye swali la Biblia inaruhusu nini na inakataza nini, wakati upungufu wetu, kwa maoni yangu, uko kwenye hesabu.

Mashitaka dhidi ya Ukristo kuhusu mazingira yanafahamika. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, alichapisha katika jarida la Science makala fupi ambayo bado inajibiwa hadi leo. Alidai kwamba Ukristo, hasa ule wa Magharibi, ulimweka mwanadamu juu ya viumbe vingine vyote, ukazifukuza roho zilizoaminiwa kukaa katika miti, chemchemi na vilima, na hivyo ukaondoa woga uliokuwa ukimzuia mtu kuvitumia apendavyo. Aliyetaka kukata mti zamani alilazimika kwanza kumtuliza roho mwenye mti. Baada ya ubatizo, mti ukawa mbao. White hakuwa adui wa kanisa, na dawa aliyoipendekeza ilitoka ndani ya kanisa lenyewe: Fransisko wa Asizi afanywe msimamizi wa wanaikolojia. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo.

Utetezi wa kawaida huanzia Mwanzo. Watetezi hukiri kwamba Mwanzo 1:28 lina maneno mazito, "kuitiisha" nchi na "kutawala" viumbe, na tusijidanganye kwamba Kiebrania kinayalainisha: kitenzi kabash, kilichotafsiriwa "kuitiisha", ndicho kinachotumika kwa nchi iliyoshindwa vitani, kama katika Yoshua 18:1. Lakini sura inayofuata, 2:15, inamweka mtu bustanini "ailime na kuitunza", na hapo kitenzi cha pili ni shamar, yaani kulinda. Ni kitenzi kilekile kilichomo katika baraka ya Haruni, Hesabu 6:24, ambayo wachungaji wetu huitamka mwisho wa ibada: Bwana akubarikie na kukulinda. Kwa hiyo mkulima anayerudi nyumbani Jumapili mchana ametoka kuombewa jambo lilelile ambalo Mwanzo linamtaka alifanye kwa shamba lake. Naliona jambo hili kuwa na nguvu kuliko hotuba nyingi za mazingira, ingawa sijawahi kulisikia likihubiriwa. Papa Fransisko naye, katika waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja, aliziweka aya hizo mbili pamoja, akakiri kwamba Wakristo wamewahi kuyafasiri Maandiko vibaya.

Utetezi huo ni wa kweli, lakini haumgusi White mahali alipopiga. Yeye alizungumzia kilichotokea ardhini watu walipobadili dini, na kwa Afrika Mashariki jambo hilo lina mashahidi. Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Ukanda wa Kijani nchini Kenya mwaka 1977 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliandika juu ya mgumo mkubwa, mti wa jamii ya mikuyu, uliokuwa karibu na kwao katika nyanda za Nyeri. Mama yake alimkataza kuokota kuni hapo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Aliporudi kutoka masomoni Marekani aliukuta umekatwa, mwenye shamba mpya amepanda chai, na kijito kilichokuwa jirani kimekauka. Maathai alikuwa Mkatoliki. Hakuwa akitetea kurudi kwa matambiko. Alichokieleza ni kwamba mwiko ule ulikuwa unafanya kazi ambayo hakuna aliyeijua mpaka ulipoondoka. Huko pwani, misitu ya kaya, yaani maskani matakatifu ya kale ya Wamijikenda, ambayo baadhi yake imeingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, imehifadhiwa na miiko ya wazee kuliko na sheria yoyote ya serikali, na wapo wahubiri wanaowafundisha vijana kwamba kuiheshimu kaya ni ushirikina. Kijana akilikubali fundisho hilo bila kupewa jingine juu ya msitu, kinachobaki kati yake na shoka ni bei ya mkaa.

Hata hivyo, hoja ya White inakwama Ethiopia. Katika nyanda za juu za kaskazini, hasa Gondar Kusini, ukitazama picha za kutoka angani unaona mashamba ya rangi ya udongo pande zote, na katikati yake vidoto vya kijani. Kila kidoto ni kanisa la Orthodoksi la Tewahedo pamoja na msitu wake. Miti ya asili iliyotoweka kote imebaki pale kwa sababu uwanja wa kanisa ni mahali patakatifu, ambapo hakuna anayeingia na shoka. Mwanaikolojia wa huko, Alemayehu Wassie, ameitafiti misitu hiyo kwa miaka mingi na, pamoja na Margaret Lowman wa Marekani, amesaidia mapadri na waumini kujenga kuta za mawe ili ng'ombe wasile miche. Hao ni Wakristo wenye Mwanzo 1:28 ileile, wa moja ya makanisa ya kale kabisa duniani, na imani yao imelinda msitu kwa karne nyingi.

Lakini mtu asikimbilie kushangilia. Mashamba yale yaliyovuliwa miti mpaka ukutani mwa kanisa yanalimwa na waumini walewale. Utakatifu umelinda kile kilichomo ndani ya uzio, na nje ya uzio njaa, kuni na mifugo vimefanya kazi yao kama kwingineko. Kwa hiyo mfano wa Ethiopia hauthibitishi kwamba mafundisho ya Kikristo yanatunza mazingira, wala hauthibitishi kinyume chake. Unaonyesha kwamba palipo na nidhamu inayoeleweka, yenye mipaka na wasimamizi, msitu husimama, na palipobaki mafundisho peke yake hausimami. Mwiko wa mgumo ulikuwa nidhamu ya namna hiyo. Kosa la wamisionari wengi, na letu sisi tuliowarithi, naliona hapo: waliondoa mwiko na mahali pake wakaacha tupu.

Ndiyo maana jaribio la Dayosisi ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwenye miteremko ya Kilimanjaro, linastahili kutazamwa kwa makini. Askofu Fredrick Shoo, ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana hata nje ya nchi kama "askofu wa miti" kwa kusisitiza kwamba wanafunzi wa kipaimara wapande miti kama sehemu ya mafundisho yao. Wasiolipenda jambo hili husema kanisa limeacha Katekisimu limeshika jembe. Nadhani wamelielewa vibaya. Kipaimara ni mlango ambao karibu kila mtoto wa Kilutheri hupita, una tarehe, una mwalimu, una wazazi wanaosubiri sherehe. Kuuweka mti pale ni kuupa kitu kinachokaribia nguvu ya mwiko, bila kumwogopesha mtoto kwa mizimu.

Swali gumu ni mti huo unafanya nini. Takriban asilimia 85 ya barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007, na picha za theluji inayoisha ndizo zinazotumika sana kuchangishia fedha za miti. Uhusiano huo ni wa kulegalega. Barafu imepungua kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, yaani joto, ukame wa hewa na upungufu wa theluji, ambavyo wanasayansi bado wanabishana juu ya uzito wa kila kimoja, na miche inayopandwa Machame, kwenye miteremko ya mlima, haiwezi kuirudisha. Maji ya vijiji, kwa upande mwingine, hutegemea sana ukanda wa msitu ulio chini ya kilele, unaopokea mvua na kunasa ukungu, kuliko barafu. Hapo mti una kazi, ila si mti wowote. Mkaratusi unaokua haraka na kuuzwa kama nguzo unakunywa maji mengi, na ukipandwa kwenye chemchemi unaweza kuikausha. Kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, chenye mti wa mringaringa juu, kahawa na migomba chini yake, na mfongo unaoleta maji kutoka mlimani, ni mfumo uliojua mambo haya kabla ya mmisionari wa kwanza kupanda mlima.

Kuna pingamizi lenye haki zaidi, na linatoka kwa maskini. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro ili wanavijiji wapate kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 mipaka ya hifadhi ya taifa ilipanuliwa ikaumeza msitu wa hifadhi, na matumizi yaliyozoeleka yakabanwa. Mama anayekatazwa kuingia na mundu, huku akiwaona watalii wanaolipa wakipita kwenye geti, ana haki ya kuuliza uumbaji unatunzwa kwa ajili ya nani. Kanisa likimhubiria uwakili bila kumsemea mbele ya wenye mamlaka, litakuwa limegeuka askari wa hifadhi mwenye joho. Na hapa lazima nikiri kwamba nidhamu ninayoisifu ina upande huu mbaya: humbana kwanza aliye karibu na mti, na humwacha mwenye msumeno wa injini na kibali.

Pingamizi la mwisho nalipitia upesi. Wapo wanaosema dunia itateketea, kwa hiyo kuipalilia ni kazi bure, nao hutaja 2 Petro 3:10, ambayo katika tafsiri yetu ya Union inasema nchi na kazi zilizomo "zitateketea". Nakala za Kigiriki za kale zaidi zina kitenzi chenye maana ya "zitaonekana", kama kitu kinachofunuliwa mbele ya hakimu. Warumi 8 nayo inasema viumbe vyote vinaugua vikingoja kuwekwa huru, wala haisemi vinangoja kutupwa. Isitoshe, sijamwona muumini wa msimamo huo anayeacha kuezeka nyumba yake.

Tunarudi kwenye hesabu. Taarifa ya mwaka ya usharika husomwa ikiwa na idadi ya waliobatizwa, waliobarikiwa, waliofunga ndoa na waliozikwa, kisha sadaka hadi shilingi ya mwisho. Miti ikitajwa, hutajwa iliyopandwa, kwa sababu siku ya kupanda ndiyo yenye mgeni rasmi na kamera. Iliyo hai baada ya viangazi viwili haina safu yake. Ningependa wazee wa kanisa watembelee vihamba na viwanja vya usharika kila mwaka na kuihesabu, aina kwa aina, pamoja na chemchemi zilizo jirani, na taarifa hiyo isomwe palepale inaposomwa ya bahasha. Wazazi watalalamika kwamba si haki kumhukumu mtoto kwa mche ulioliwa na mbuzi wa jirani, na watakuwa na hoja. Utaratibu wa kujibu umo Luka 13, kwa mtunza shamba aliyeambiwa aukate mtini usiozaa: aliomba mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi. Mtoto apewe mche mwingine na mwaka mwingine, na mwenye mbuzi aitwe kwenye kikao cha wazee.