Sukari imeshuka sawa, lakini mishipa imeangaliwa?

Mama yangu mkubwa, mwenye kisukari, alikaa na kidonda cha mguu muda mrefu, kila akienda kliniki anapimwa sukari, anaambiwa imeshuka mama endelea hivyohivyo, anarudi nyumbani na kidonda chake vilevile. Sasa kama imeshuka mbona hakifungi? Ndo nikaanza kusoma.

Mwilini tuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata protini, hasa kolajeni inayoshikilia ngozi na kuta za mishipa ya damu. Wataalamu wanaviita metaloproteinesi, binadamu tunavyo zaidi ya 20 na vyote vinategemea madini ya zinki. Vilijulikana mwaka 1962, Jerome Gross na Charles Lapiere walikuwa wanachunguza mkia wa kiluwiluwi, ule unaoyeyuka akianza kuwa chura, wakakuta kuna kitu kinaimeng'enya kolajeni. Kwa hiyo sio adui jamani! Kidonda hakiponi bila hivyo, lazima tishu iliyokufa iondolewe ndo mpya ijengwe, na mwili wenyewe umeviwekea breki, yaani protini nyingine za kuvizuia.

Kisukari kinaharibu hiyo mizani, tena sio kwa upande mmoja. Kwenye kidonda sugu cha mguu kimoja kati ya hivyo vimeng'enya, kile wanachokiita namba 9, kinazidi nguvu breki zake, kinakata mpaka nyama mpya inayojaribu kuota. Kwenye jicho vinalegeza pale seli za vimishipa vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, zinaposhikana, maji yanavuja. Kwenye mishipa ya moyo vinakula ule utando uliofunika mafuta yaliyoganda ukutani, siku ukipasuka damu inaganda hapohapo na moyo unakosa damu. Halafu njoo kwenye figo uone maajabu, huko mambo ni kinyume, sukari inajibandika kwenye kolajeni inazifunga nyuzi zake pamoja zinakuwa hazikatiki kirahisi, utando wa chujio unanenepa, na pamoja na unene wote huo bado unapitisha protini kwenye mkojo.

Ndo maana mtu akiniambia ana dawa ya kuzima hivi vimeng'enya vyote namuogopa. Watafiti walishajaribu dawa za hivyo kwa wagonjwa wa saratani, wengi wakaishia kuumwa viungo na saratani haikusikia.

Na simaanishi sukari isipimwe, hapana. Ule utafiti mkubwa wa DCCT uliotoka 1993, kwa watu wenye kisukari aina ya 1 ambao macho yao yalikuwa bado mazima, kuibana sukari kulipunguza hatari ya retina kuharibika kwa 76%, na walivyoendelea kufuatiliwa faida ikabaki miaka mingi hata baada ya sukari za makundi yote mawili, waliobanwa sukari na waliotibiwa kawaida, kukaribiana. Yaani mishipa inakumbuka! Namba ya leo asubuhi haikwambii ukuta wa mshipa umepitia nini miaka 5 iliyopita. Mwenye aina ya 2 anatakiwa aangaliwe macho, miguu na protini kwenye mkojo tangu siku anaambiwa ana kisukari, kisha kila mwaka, maana ile protini kidogo kwenye mkojo ndo ufa wenyewe, na haiumi, huwezi kuihisi.

Hiki ndo kinaniuma mpaka leo. Mama mkubwa alipimwa sukari sijui mara ngapi, na ilichukua miezi 7 mpaka nesi mmoja akainama, akamshika mguu, akatafuta mapigo ya damu.