LUKU inakuonyesha kilichobaki, haikuonyeshi anayekula

Ndugu zangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji, enzi za majenereta ya dizeli, kabla mkoa wa Kigoma haujaanza kupokea umeme wa Gridi ya Taifa mwaka 2022, lawama ilikuwa umeme kukatika. Sasa tunaoishi nje tunapigiwa simu nyingine: "Uniti zinaisha haraka, hii mita inaiba."

Huku Ujerumani kilio ni tofauti. Kila mwezi unalipa kiasi cha makadirio, mita inasomwa mara moja kwa mwaka, mara nyingi wewe mwenyewe ukituma picha ya namba, ndipo unaambiwa umezidisha kiasi gani. Na uniti moja kwa hesabu ya kwetu inapita shilingi elfu moja! Aliyeacha hita ikiwaka Januari anaweza kuja kustuka baada ya miezi kadhaa. Kwa hilo kura yangu naipa LUKU, mita yetu ya kulipia kabla ya kutumia. Ila nyumbani tunasoma salio tu, na salio ni unga uliobaki kwenye debe: haukwambii nani anaula.

Anayekula utamwona kwenye ile taa nyekundu ndogo inayopepesa. Rimoti ya ndani, ile ya kuingizia tokeni, haitoshi, nenda kwenye mita yenyewe. Karibu na taa pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani ikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwenda. Pima kwa simu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumba nzima wakati huo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 3 ni wati 1,200, hapo kuna mtu anapiga pasi. Mita iliyoandikwa 1600, gawa 2,250.

Sasa friji. Ya wati 150, mota yake ikifanya kazi nusu ya siku, inakula uniti 1.8 kwa siku, yaani 54 kwa mwezi. Mpira wa mlango ukichakaa, mota haipumziki na hesabu inakaribia 108. Mtumiaji mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, lakini zinazozidi 75 kwa mwezi ni 350. Mpira tu umekuvusha mpaka. (Banisha karatasi mlangoni, ikichomoka kirahisi, mpira umekwisha.)

Ndiyo maana nyumba za kupanga zenye LUKU moja kwa familia nne zinaumia: kila familia inatumia kidogo, mita inaona mtumiaji mkubwa mmoja. Mita ndogo ya kila chumba inamaliza ugomvi wa mchango, bei haishushi. Mwenye nyumba anayeweza, aombe LUKU za ziada.

Na wizi? Chomoa kila kitu, zima taa zote, acha meni swichi imewashwa. Dakika 10 bila mpepeso, mita haihesabu umeme usioutumia. Ikipepesa, zima breka moja moja. Ile inayoituliza ndiyo yenye uvujaji, mara nyingi ni waya uliotafunwa na panya darini au soketi ya nje iliyoingia maji ya mvua. Ikiendelea kupepesa hata meni swichi ikizimwa, kuna waya umechukuliwa kabla ya swichi, au mita yenyewe ina kosa. Hapo usimwite fundi wa mtaani, ripoti TANESCO.