Gaspara Stampa: Mjane wa Penzi au Fundi wa Shairi?

Katika kitabu cha mashairi ya Gaspara Stampa, mshairi wa kike wa Italia, kilichotoka Venice mwaka 1554, kuna barua fupi aliyomwandikia Collaltino di Collalto, kabaila kijana aliyempenda. Anamwambia kwamba mashairi yake, alipoyatuma moja moja, hayakumtia huruma, wala hayakumfanya aone adabu ya kumjibu walau neno moja. Basi ameamua kuyakusanya yote, aone kama yakiwa pamoja yataweza. Kila nikifika kwenye hilo "neno moja" nasita. Mtu ameandikiwa mamia ya beti, na kalamu yake imekauka.

Kitabu kilipotoka, Gaspara alikuwa amekwisha kufa miezi kadhaa nyuma. Dada yake Cassandra ndiye aliyekipeleka kwa mchapaji, mashairi zaidi ya 300. Na tangu hapo wasomaji wanabishana: je, haya ni machozi ya mwanamke aliyeachwa, au ni kazi ya msanii aliyejua vizuri anachofanya?

Wanaoyasoma kama machozi wana hoja nzito. Gaspara alimpata Collaltino karibu na Krismasi ya 1548. Mwaka uliofuata bwana akaenda Ufaransa kumtumikia Mfalme Henri II, na kimya kikaingia. Alirudi, lakini penzi halikurudi kama lilivyoondoka, na kufikia mwaka 1551 hivi lilikuwa limekwisha. Yote hayo yamo kwenye mashairi: kungoja barua, wivu, hofu kwamba ataoa mwingine, hasira, kisha ule uchovu wa mtu anayejua kwamba sasa anapenda peke yake. Nani atathubutu kusema mambo hayo yametungwa tu?

Lakini tazama alivyoyapanga. Petrarca, bwana mkubwa wa soneti za Kiitalia, yaani mashairi ya mistari 14, alisema alimwona Laura, mwanamke aliyempenda, Ijumaa Kuu ya 1327, siku ya kifo. Gaspara penzi lake akalianzishia Krismasi, siku ya kuzaliwa, na akasema bwana wake, yaani Collaltino, alikubali kukaa moyoni mwake, kama Muumba alivyokubali kushuka na kutoka tumboni mwa Bikira kwa umbo la binadamu. Soneti yake ya kwanza inafungua kwa maneno yale yale ya Petrarca, "Ninyi mnaosikiliza", halafu inageuka. Petrarca anaona haya na kuomba msamaha. Gaspara anataka sifa, tena anatumaini mwanamke fulani atamwonea wivu kwa kupata mateso matukufu kiasi hicho. Huyo si mtu aliyezidiwa na kilio.

Wala tusisahau kazi yake. Alizaliwa Padova, mji ulio karibu na Venice, binti wa sonara. Baba alipofariki, mama akawahamishia watoto Venice, na nyumba yao ikawa baraza la washairi na wanamuziki. Gaspara alikuwa mwimbaji wa kusifika. Mwaka 1547 mtunzi Perissone Cambio alimtabarukia kitabu cha nyimbo. Mwimbaji anajua kwamba huzuni lazima ipangiwe sauti ndipo imfikie msikilizaji.

Ushahidi unaonivuta zaidi ni soneti anayojiandikia maneno ya kaburini. Anawataka wanawake walie, kisha wachonge kwamba "kwa kupenda sana na kupendwa kidogo" aliishi na kufa bila furaha. Mpita njia amwombee pumziko, na ajifunze kutoufuata moyo katili unaokimbia. Waliolichukua shairi hili kama habari wakazua hadithi kwamba alikufa kwa kuvunjika moyo. Kumbukumbu za mji zinasema aliugua homa na tumbo siku 15, akafa tarehe 23 Aprili 1554. Na kabla ya hapo alikuwa amependa tena, mwanamume aitwaye Bartolomeo Zen, akaandika kwamba moto wa kwanza ulipozimika tu, mwingine ukawashwa, mkali zaidi.

Hapa ndipo usomaji wa "maisha yake" ulipomdhuru. Mwaka 1913 mhariri Abdelkader Salza alimtangaza kuwa kahaba wa daraja la juu, na akapanga upya mashairi yake, ya toba yakaja baada ya yale ya mapenzi, ikawa kama hadithi ya mkosaji anayetubu. Kitabu cha 1554 hakikuwa hivyo. Kilifungwa na madrigali, nyimbo fupi za mapenzi. Wasomaji wengi wa karne ya ishirini walimjua kwa mpangilio huo wa Salza, mpaka toleo la 2010 lililorudisha ule wa zamani.

Mimi niko upande wa fundi, ingawa si mzima mzima. Ile barua inanizuia. Ufundi wa Petrarca hauelezi kwa nini mtu aombe neno moja tu. Naamini aliumia kweli, na kwamba alipoona maumivu hayamrudishi Collaltino, aliyageuza kuwa kitu ambacho yeye mwenyewe angekimiliki. Mwaka 1738 kitabu kilichapishwa tena, na aliyegharamia ni mtu wa ukoo wa Collalto.