Mimi Siyo Dereva

Kabla hamjaendelea kusambaza kwenye magrupu ile sauti ya rafiki yangu Imu, anayosimulia kisa changu cha Jumamosi, eti nililia, eti nilishika ndoo nikaosha gari la mtu, nisikilizeni na mimi. Kwanza, sikulia. Lilikuwa jasho. Saa saba mchana, Masaki, mwezi wa pili, shati jeupe la mikono mirefu, mlitegemea nini? Pili, sikuosha gari la mtu. Hiyo ndoo kaiongeza Imu mwenyewe. Mengine yote, kwa bahati mbaya, ni kweli.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua kwamba Jumamosi natembeza wageni mjini Dar es Salaam. Tunaanzia Kariakoo kwa miguu, tunakatiza hadi Kisutu, halafu tunapanda Coaster kwenda kula ufukweni. Safari yenyewe naiita "Mji Mmoja, Kanda Tatu". Jina nililipenda sana hili.

Mnazi Mmoja ndipo huwa nang'ara. Nawasimamisha wageni kivulini, nakohoa kidogo, nawaambia uwanja huu haukuachwa wazi ili watu wapunge upepo. Wakoloni waliufanya mpaka: huku Kariakoo kwa Waswahili, kule Uhindini, na mbele kabisa kwenye upepo wa bahari, Uzunguni. Halafu nawapa ile inayowatoa kalamu mifukoni. Waingereza hawakuandika kwenye kanuni zao za mji kwamba Mwafrika asikae Uzunguni. Waliandika tu aina ya nyumba inayoruhusiwa kila kanda. Ukiweza kujenga nyumba ya Kizungu, karibu. Rangi haikutajwa kabisa. Wageni wanaguna. Nikishaona wameguna nawashushia kura tatu za mwaka 1958, pale mpiga kura alipotakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja kwenye karatasi ileile, la sivyo kura imeharibika.

Kisutu namwachia Imu. Imu ni Mhindi wa Upanga, tumesoma naye, tumefeli hesabu naye, na ana deni langu la muda mrefu ambalo leo nalitaja hadharani. Yeye anasimama mbele ya ghorofa moja kuukuu, anaonyesha roshani ya juu: "Hapa alijenga babu. Mwaka 1971 Serikali ikataifisha majumba. Babu alilala mwenye nyumba, akaamka mpangaji, kitanda kilekile." Wageni hawajui wacheke au watoe pole. Wakiwa bado wanawaza, anawauzia kachori kwa bei mara mbili.

Jumamosi hii nilikuwa na kundi zuri. Waholanzi, Wajerumani, na mama mmoja Mmarekani mweusi kutoka Portland, mweusi kunizidi mimi, ambaye alikuwa anaandika kila nilichosema. Mwenye kuandika kila unachosema anakutia kichwa kikubwa. Kwenye Coaster nikamtambulisha hadi dereva wetu, Babu Ally: "Huyu kwetu siyo dereva, ni familia." Ishikeni hiyo sentensi.

Mgahawa siutaji. Bado nahitaji kula mjini.

Sasa, waongoza wageni tuna ugonjwa mmoja, kutembea kinyumenyume. Unawatazama wageni usoni, unaongea, miguu inajua njia. Tumeshuka, niko mbele yao, mgongo wangu umeelekea geti la mgahawa, mkono mmoja juu na kile kibendera changu cha bluu. Nikawa namalizia hotuba: hapa ndipo Uzunguni kwenyewe, maofisa wa Kiingereza walijengewa Oysterbay, Mswahili alipita huku akiwa boi, mpishi au mtunza bustani. Nikavuta pumzi. Nikapandisha sauti. "Lakini leo," nikasema, "mtu yeyote anapita hapa bila kuulizwa ametoka wapi," na mgongo wangu ukatua kwenye kiganja cha mtu.

Kiganja kikubwa, chenye joto, kimekaa katikati ya mabega yangu. Hakikunisukuma, kilinipokea tu. Nikabaki na mkono juu na kibendera chake.

"Wewe vipi?" sauti ikauliza nyuma ya shingo.

Nikageuka. Mlinzi, mtu mzima, kirungu kwapani. Nikamwambia niko na hawa.

"Najua uko nao. Madereva wanasubiria kule chini ya mkungu."

Wakati namtafutia jibu, wageni wangu walinipita. Mmoja mmoja. "Karibu bosi, karibu madamu, karibu bosi." Walidhani nimesimama kuwahesabu. Mholanzi mmoja akanipigapiga begani akiingia, na baadaye kaandika huko mtandaoni kwamba mwongozaji ni mchangamfu ila alitoweka katikati ya safari. Nyota tatu.

Kisha akafika mama wa Portland. "Dada, simama hapo," mlinzi akamwambia kwa Kiswahili. Mama akafungua mdomo, Kiingereza cha puani kikamwagika pale getini, na mlinzi akakaa sawa, kirungu kikashuka. "Ooh, madamu! Karibu sana!"

Nikaona kumbe dawa ni hiyo. Nikakohoa, nikabana pua, na mimi nikamshushia Kiingereza. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu kabisa. "Mdogo wangu," akasema, "hicho Kiingereza cha shule ya kata nakijua. Mwanangu anakiongea."

Nilivyosikia ile lafudhi nikajua nimepona, huyu ni mtani. Mzee Msukuma, mimi Mzaramo. Nikamwambia mtani acha hizo, mji wenyewe wetu huu, babu zangu walikuwa wanavua samaki hapa kabla hilo geti halijawekwa.

"Basi kavue, mtani. Bahari iko wazi."

Hamjacheka vya kutosha? Subirini, Imu alikuwa bado hajafika. Alibaki nyuma kulipa bodaboda, sababu alishuka njiani kununua sigara. Akaja amevaa kaptura, kandambili moja imeunganishwa kwa waya, fulana ina doa la chatini ya kachori. Nikashukuru Mungu. Nikamwonyesha mlinzi: muulize huyu, ananijua tangu utotoni.

Mlinzi akampigia saluti. Kandambili zile, saluti. "Bosi, samahani, huyu ni dereva wako?"

Imu alinitazama. Naomba muuelewe ule mtazamo, maana nimeuona tangu darasa la tano, kila alipotaka kunichongea kwa mwalimu. Shavu la kushoto lilicheza. Nikamwonya kwa macho. Akashusha pumzi ya tajiri.

"Eeh, wangu huyo," akasema. "Msumbufu kidogo. Mpe maji anywe."

Akaingia.

Hapo ndipo nikapiga ile kelele ambayo sasa hivi wengine wenu mmeifanya mlio wa simu: "MIMI SIYO DEREVA!"

Muziki wa ndani ulikuwa umekata kati ya wimbo na wimbo, ndiyo mkosi wangu. Ilisikika hadi majini. Chini ya mkungu palikuwa na benchi refu, na kwenye benchi vichwa viligeuka kwa pamoja, dereva wa ubalozi, wa shirika, wa teksi ya mtandaoni. Mmoja alikuwa na kijiko cha wali maharage njiani kwenda mdomoni, kikasimama. Na mwishoni mwa benchi, na kikombe chake cha chai ya tangawizi, alikaa Babu Ally. Familia.

"Hapa hatubagui mtu, mdogo wangu," mlinzi akanituliza kwa upole kabisa. "Mimi sijataja rangi ya mtu. Ni utaratibu tu. Wageni huku, madereva kule."

Nikatembea kwenda kwenye mkungu, safari hii kwa kuangalia mbele. Hakuna aliyesema kitu. Yule wa ubalozi akasogea, akafuta vumbi kwenye mbao kwa kitambaa chake cha gari, akanionyesha pa kukaa.

"Karibu, Siyodereva."

Jina likakaa. Mnaoniita hivyo tangu juzi, jueni mzazi wake ni yule wa ubalozi na siyo Imu.

Baada ya muda mama wa Portland akatoka na glasi mbili za ukwaju, akaja kukaa nasi. Alikuwa ameshaelewa kilichotokea kabla sijafungua mdomo. Madereva wakataka nitafsiri: muulize, kwao nako kuna geti? Akasema Portland mageti hayo hawana. Wana vibao bustanini, kila nyumba ya pili, kwamba hapa kila mtu anakaribishwa, rangi zote. Ila jimbo lao la Oregon lilijiunga na Marekani mwaka 1859 likiwa na katiba inayokataza mtu mweusi kuhamia wala kumiliki ardhi. Na ule mtaa wa Albina, walikosogezwa weusi wengi, ukaja kubomolewa kupisha barabara kuu, ukumbi wa michezo na upanuzi wa hospitali. Nyumba zilizobaki sasa zina bei ambayo wenye mtaa wao hawaiwezi. "Wanakaa wenye vibao," akasema.

Nikatafsiri. Babu Ally akanywa chai.

"Kwa hiyo vibao vipo, wa kukaribishwa ndiyo hawapo."

Nilipomtafsiria, mama yule alicheka hadi ukwaju ukamtoka puani, akaiandika kwenye daftari lake. Mimi tangu asubuhi natoa hotuba, kilichomchekesha ni cha Babu Ally.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Meneja alitoka, akaomba radhi, akaeleza kwamba walidhani mimi ni dereva, na benchi zima likamuuliza kwa sauti moja, sasa dereva ana nini? Hakuwa na jibu, akarudi ndani. Samaki wangu aliletwa chini ya mkungu, tukamgawana. Imu alikula mezani na wageni, bili akaniandikia mimi.

Kasheshe ilibaki kurudi. Wageni wamejaa, Imu kajaza kiti cha nyuma na simu yake mkononi, imebaki siti ya mbele. Nikafungua mlango, Babu Ally kaweka kofia yake pale.

"Hii ni ya dereva na mtu wa dereva," akasema bila kunitazama. "Wewe ulisema ni nani?"

Nikamwambia Babu, yaishe.

"Nasikiliza."

"Mimi ni konda wako."

"Konda hakai. Konda ana mlango."

Ndiyo nikakamata mlango. Kibendera nikakichomeka mfuko wa nyuma, nikapiga bodi mara mbili, gari likaondoka. Babu Ally akaniambia konda haendi kimya, basi nikaita: Namanga, Moroko, Mkwajuni! Kwa utani tu. Mbele kidogo mama mmoja mwenye beseni la ndizi akapunga mkono, Babu Ally akakanyaga breki, mama akapanda, akajibana kati ya Wajerumani wawili, akanipa noti ya elfu mbili.

"Chenji yangu, konda."

Sikuwa nayo.