Madarasa ya lugha matupu, wenye lugha wako nje

Ukikaa na watu wa vyuo vikuu vya Marekani siku hizi utasikia vilio viwili. Cha kwanza: wanafunzi Weusi, Walatino na wa jamii nyingine za wachache wanapungua katika vyuo vinavyogombewa. Cha pili: madarasa ya lugha za kigeni yanakauka. Vilio hivi hutolewa na watu tofauti, kwenye vikao tofauti, na bajeti zake haziguswi na mkono mmoja. Nimefundisha Kiswahili huko, na kwa maoni yangu kilio ni kimoja tu.

Tuanze na lugha. Chama cha MLA, cha walimu na wasomi wa lugha na fasihi Marekani, ambacho kimekuwa kikihesabu wanafunzi wa lugha tangu 1958, kilipima tena mwaka 2021 na kukuta usajili umeshuka kwa asilimia 16.6 katika miaka mitano. Kijerumani kilipoteza theluthi hivi ya wanafunzi wake. Kifaransa, Kiarabu, Kichina, hata Kihispania chenyewe, vyote vilishuka. Kikorea kikapaa kwa zaidi ya asilimia 38, na sababu yake anaijua kila mwenye mdogo wa kike anayekesha na tamthilia za Seoul.

Magazeti yaliishia hapo. Mimi nilikwama kwenye mstari mwingine wa ripoti ileile. Katika vyuo vya miaka minne usajili ulipungua kwa asilimia 15 hivi. Katika vyuo vya jamii, vile vya miaka miwili, ulipungua kwa karibu robo. Sasa jiulize nani anasoma vyuo vya jamii. Ni mtoto wa mhamiaji, ni dada anayefanya kazi ghala usiku na kuingia darasani asubuhi, ni kijana Mweusi ambaye ada ya chuo kikuu imemshinda. Kwa hiyo lugha zinakauka zaidi palepale anapoanzia mnyonge. Na hata chuo kikuu cha umma hakina kinga kikiwa katika jimbo lisilo na fedha: West Virginia University mwaka 2023 iliamua kuivunja idara yake nzima ya lugha, ikabakiza masomo machache ya kuchagua.

Wapo wanaosema afadhali, kwani sharti la kusoma lugha lilikuwa kizuizi tu kwa maskini. Na kweli masharti yamelegezwa: mwaka 1995 vyuo vya shahada vilivyodai lugha ili mtu ahitimu vilikuwa asilimia 67 hivi, kufikia 2010 vimebaki nusu. Lakini waangalie waliolegezewa ni nani. Aliyekwisha kuingia ndiye aliyelegezewa. Anayebisha hodi bado anadaiwa. Mfumo wa University of California, kwa mfano, unamtaka mwombaji awe na miaka miwili ya lugha nyingine sekondari, na unapendekeza mitatu. Mtoto wa mtaa wenye pesa ameanza Kifaransa tangu shule ya msingi na likizo amepelekwa Paris. Shule ya mtaa wa pili ina mwalimu mmoja wa Kihispania, akiacha kazi katikati ya mwaka, basi.

Halafu ikaja hukumu ya Juni 2023. Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kuitumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha udahili, katika kesi dhidi ya Harvard na University of North Carolina. Mwaka uliofuata, pale chuo cha MIT wanafunzi Weusi wa mwaka wa kwanza walishuka hadi asilimia 5 kutoka wastani wa 13 wa miaka iliyotangulia, na pale chuo cha Amherst kutoka 11 hadi 3. Si vyuo vyote vilivyoanguka hivyo, ila mwelekeo unaonekana. Tangu hapo maofisa udahili wanakuna vichwa: tupime nini sasa?

Pimeni lugha. Ni ujuzi, unapimika kwa mtihani, na hakuna mahakama iliyokataza kuuhesabu. Jambo lenyewe wala si geni. Aprili 1969 wanafunzi Weusi na Wapuerto Rico wa City College ya New York walifunga sehemu ya chuo wakiwa na madai matano. Mojawapo lilikuwa kwamba wanaoingia chuoni wafanane na wanaosoma sekondari za jiji. Jingine, ambalo wengi wamelisahau, ni kwamba kila anayesomea ualimu ajifunze Kihispania. Wale vijana waliweka mlango na lugha kwenye karatasi moja. Mwaka uliofuata jiji likafungua udahili kwa kila aliyemaliza sekondari.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo panaponiuma. Kwa miaka kadhaa, hadi 2024, Wakongo walikuwa miongoni mwa wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa Marekani. Wapo Louisville, wapo Portland ya Maine, wapo Texas. Watoto wao wamekulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu Tanzania, Kakuma Kenya, Nakivale Uganda. Mmoja anaongea Kibembe na bibi yake, Kiswahili na jirani, Kifaransa na mwalimu wa kambini, kisha anafika sekondari ya Marekani na kuandikwa kwenye faili kuwa ana upungufu wa Kiingereza. Lugha tatu hazikuandikwa popote. Katika darasa la jirani, mwenzake anayejikongoja kuhesabu hadi mia kwa Kihispania anajazwa alama za kumpeleka chuo.

Mitihani ya AP, ile inayompa mwanafunzi wa sekondari alama za chuo, ina Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani na hata Kilatini. Kiswahili hakimo, wala lugha nyingine yoyote ya Kiafrika. Kilatini kimo! Simchukii Virgil, yule mshairi wao wa kale, ila sijakutana na muuguzi wa Louisville aliyehitaji mkalimani wa Kilatini.

Na walimu wenzangu tusijifanye hatumo. Mtoto wa Uvira, mashariki mwa Kongo, akiingia darasa letu na kusema "niko nakwenda" kama wasemavyo kwao, tunacheka, tunamrudisha kwenye "hujambo" pamoja na Mmarekani aliyeanza jana, baada ya wiki mbili anaacha somo. Kisha mwisho wa muhula tunamlalamikia mkuu wa idara kwamba wanafunzi hawatoshi. Walimu wa Kihispania walishalimaliza hili zamani: vyuo vingi vina kozi za peke yake kwa waliokuwa na lugha nyumbani, zenye kusoma na kuandika kwa wingi, bila kumkejeli mtu lafudhi yake. Darasa la Kiswahili la aina hiyo lingejazwa na Wakongo, Warundi na watoto wa Wakenya wanaoelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza.

Mzazi mwenye mtoto sekondari huko, nenda kwa mshauri wa wanafunzi ukaulize kuhusu Seal of Biliteracy, muhuri wa cheti unaotambua lugha mbili. Ulianzia California mwaka 2011 na umeenea karibu majimbo yote. Uliza kama wilaya yenu inapima Kiswahili, na nani analipia mtihani. Kama mtoto alisoma Kifaransa kambini, aandikishwe AP ya Kifaransa mwaka huohuo, kabla hajakisahau. Na cheti chochote alichotoka nacho Kakuma au Kigoma, hata kilicholowa, kipelekwe kwa mshauri huyo.